Kuzunguka Ziwa Naivasha kwa Baiskeli: Somo kwa Wakazi wa Parklands na Viunga Vyake

Jumamosi alfajiri, Barabara ya Limuru huwa na waendesha baiskeli wa aina mbili. Wa kwanza wanapanda. Wamevaa helmeti na nguo za kubana, wamepita City Park na Muthaiga, na wanaelekea Gigiri, Banana na mashamba ya chai ya Tigoni. Wa pili wanashuka kuja mjini. Baiskeli zao ni zile nzito za gia moja, Black Mamba, na nyuma kumefungwa kreti ya mkate au mtungi wa maziwa. Hawa hawako matembezini, wanatafuta riziki. Barabara ni moja, lori ni zilezile, na mashimo ni yaleyale.

Idadi ya wanaopanda kwa ajili ya mazoezi imeonekana kuongezeka, na baada ya kuizoea Tigoni wengi huanza kuuliza swali moja: je, Naivasha inawezekana? Jibu ni ndiyo. Ila jibu hilo lina masharti, na masharti hayo hayakuwekwa na serikali wala na chama chochote cha michezo. Yamewekwa na umbo la ardhi kati ya Parklands na ziwa. Anayelielewa umbo hilo atafurahia safari. Asiyelielewa anaweza kujikuta kwenye mteremko mrefu, breki zimepata moto, lori la mizigo liko mgongoni, na pa kujitupa hakuna. Somo hili linahusu umbo hilo.

Bakuli lenye kuta

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hakuna ziwa lingine la Bonde la Ufa nchini Kenya lililoinuka kiasi hicho. Hata hivyo, ukilitazama kutoka ufukoni utaona kama limezama, kwa sababu kila upande una mlima. Kusini-mashariki kuna Longonot, volkano yenye kilele cha mita 2,776 na shimo pana katikati. Kaskazini-magharibi kuna Eburru, unaopita mita 2,800. Magharibi ni ukuta wa Mau. Mashariki ardhi inapanda kwa ngazi hadi uwanda wa Kinangop, na nyuma yake safu ya Nyandarua, ambako kilele cha Kinangop kinafika mita 3,906.

Mito ya Malewa na Gilgil huingia ziwani kutoka kaskazini. Hakuna mto unaotoka. Kwa kawaida ziwa lisilo na mto wa kutoa maji huwa la magadi, kama Nakuru na Elmenteita, lakini maji ya Naivasha ni baridi, ya kunyweka na mifugo na kumwagilia mashamba, kwa kuwa sehemu ya maji hayo hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Ndiyo maana kuna viboko, samaki, ndege wengi na mashamba ya maua kuzunguka ufuko. Mwaka 1995 ziwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa mwendesha baiskeli, bakuli hili lina maana tatu. Kwanza, barabara ya ziwani yenyewe haina vilima vikali. Ugumu uko kwenye kuta. Pili, anayetoka Nairobi hana njia ya kufika majini ila kupanda ukuta wa mashariki na kisha kuushuka. Tatu, upepo. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, linalosimulia maji yanayochafuka na kupiga mawimbi. Asubuhi ziwa hutulia kama kioo. Mchana ardhi ikishapata joto, hewa huanza kusukumana ndani ya bakuli, na kufikia alasiri mawimbi huinuka. Wavuvi wanalijua hilo na hupanga kazi yao kwa kulifuata. Mwendesha baiskeli naye afanye hivyo: safari ya kuzunguka ziwa ianze mapema, ili upepo unapoamka yeye awe anamalizia.

Kujifunza kupanda bila kwenda mbali

Kabla ya kuiwaza Naivasha, mkazi wa Parklands ana darasa zuri mlangoni pake. Parklands iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Limuru, karibu kilomita 30 kwa barabara kupitia Ruaka, Banana na Tigoni, uko takriban mita 2,240. Ndiyo kimo kilichopimwa na wajenzi wa reli kwenye stesheni yake. Tofauti ni mita 540. Ukigawa mita 540 za kupanda kwa mita 30,000 za mwendo, unapata wastani wa mita 1.8 za kupanda kwa kila mita 100. Kwenye karatasi mwinuko huo ni mdogo sana.

Miguuni ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Ardhi ya magharibi na kaskazini mwa Nairobi imekatwakatwa na vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, kila kimoja na bonde lake. Barabara ya Limuru hushuka bondeni, hupanda, kisha hushuka tena. Kila mita uliyoshuka utailipa kwa kupanda upande wa pili. Basi jumla ya kupanda ni kubwa kuliko tofauti ya vimo viwili, na sehemu kubwa ya kazi hujikusanya mahali pamoja, kuanzia Ruaka kuelekea Banana. Anayepanga safari yoyote aulize maswali mawili tofauti: mwisho uko juu kiasi gani kuliko mwanzo, na kwa jumla nitapanda mita ngapi njiani? Programu nyingi za ramani kwenye simu hujibu yote mawili.

Somo jingine la kilima hiki ni la hali ya hewa. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Limuru basi huwa na baridi ya nyuzi 3 hivi zaidi ya Parklands, na miezi ya Juni hadi Agosti ukungu hukaa kwenye mashamba ya chai hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Mtu aliyepanda akatoka jasho, kisha akageuka kushuka katika ukungu huo bila koti jepesi, vidole vyake hufa ganzi. Vidole vyenye ganzi havikamati breki vizuri. Koti hilo si la fahari.

Kwa anayeanza kabisa, Msitu wa Karura uko karibu zaidi. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na njia zake za udongo zinaruhusu baiskeli bila gari kukaribia. Msitu huu uliokolewa kutoka kwa wanyakuzi wa ardhi baada ya mapambano makali ya mwaka 1998 na 1999 yaliyoongozwa na Profesa Wangari Maathai. Kuna ada ya kuingia. Humo mtu hujifunza kubadilisha gia kabla ya kilima badala ya katikati yake, na kufunga breki kwenye changarawe bila kuteleza. Ujuzi huo wa pili utahitajika ziwani.

Wengine hupenda kupanda kupitia Waiyaki Way, Kangemi, Uthiru na Kikuyu. Njia hii ina historia yake katika mchezo huu. Ni katika eneo la Kikuyu ambako David Kinjah, nahodha wa zamani wa timu ya taifa, amewalea vijana wengi katika baiskeli, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini Waiyaki Way ni barabara kuu yenye mabasi na lori, na saa za msongamano haimfai mgeni wa baiskeli. Barabara ya juu, Nairobi Expressway, inayoishia Westlands, ni marufuku kabisa kwa baiskeli na pikipiki.

Ukuta wa mashariki

Baada ya Kikuyu barabara hufika Rironi na kugawanyika. Njia ya kulia hupita Uplands, Kimende na Kinungi na kufika Naivasha kwa juu. Ya kushoto ni barabara ya zamani, inayoshuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha kupita chini ya Longonot kuelekea ziwani. Kwa njia zote mbili, Nairobi hadi mji wa Naivasha ni karibu kilomita 90.

Ukuta huu umewasumbua watu tangu zamani. Wajenzi wa reli ya Uganda walipoufikia mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa na njia ya haraka ya kuushuka, na kwa muda mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Barabara ya Mai Mahiu ilijengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilojijengea mwaka 1942 bado limesimama kando ya barabara, chini ya ukuta, na wasafiri husimama hapo kupiga picha.

Mandhari ya hapo juu hayana mfano. Bonde lote liko wazi, Longonot imesimama mbele, na Suswa inaonekana kwa mbali. Wapo waendesha baiskeli wazoefu wanaoshuka njia hii na kufika salama. Hata hivyo, mkazi anayepanga safari ya wikendi na marafiki wa viwango mbalimbali anashauriwa kutoshuka ukuta huu kwa baiskeli. Sababu zake zinaeleweka zaidi kwa hesabu kuliko kwa vitisho.

Ukiongeza kasi mara mbili, umbali unaohitaji kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mtu aliyezoea kusimama ndani ya mita 5 akiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa atahitaji mita 20 akienda 40, na hiyo ni kwenye lami kavu na tambarare. Mteremkoni huzidi, kwa sababu uzito wa mtu na wa baiskeli unavuta kuelekea chini. Katika mteremko mrefu mtu hufika kilomita 40 kwa saa bila kukanyaga pedeli hata mara moja.

Breki nazo hugeuza mwendo kuwa joto. Baiskeli nyingi zenye breki za mpira hubana kwenye rimu. Mtu akizishikilia bila kuachia kwa dakika kadhaa, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Anayelazimika kushuka mteremko wowote mrefu, uwe wa Tigoni au wa kwingineko, abane kwa vipindi: abane kwa nguvu, aachie, abane tena, akitumia breki zote mbili na kuanza kabla ya kona, si ndani ya kona. Akihisi harufu ya mpira, asimame kando na asubiri zipoe.

Mwisho kuna lori. Barabara za ukuta huu hubeba mizigo ya kuelekea Narok, magharibi mwa Kenya na nchi jirani. Lori lililojaa linaposhuka nalo linapigana na breki zake. Dereva wake hawezi kukwepa ghafla kwa ajili ya baiskeli, hata akitaka. Ukingo wa lami ni mwembamba mahali pengi, na upande mmoja ni mwamba na wa pili ni korongo. Mvua kubwa pia huathiri sehemu hii: mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliyoteremka kutoka Old Kijabe yaliua watu wengi Mai Mahiu na kukata barabara.

Uzoefu peke yake hauondoi hatari ya kasi. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendesha baiskeli hodari zaidi waliowahi kutoka Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani. Alikuwa amekimbia mbio za kimataifa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo njia ya busara ni kuuvuka ukuta kwa gari. Matatu za Naivasha hupatikana Nyamakima, katikati ya jiji. Mzigo wa baiskeli hupatanwa na kondakta kabla ya kupanda, na ni rahisi zaidi mtu akiwa ametoa gurudumu la mbele na kufunga cheni kwa gazeti isichafue mizigo ya wengine. Kundi la watu sita au zaidi hufaidika kwa kukodi gari moja lenye keria.

Barabara ya kusini

Mtu akiteremka mji wa Naivasha, asubuhi na mapema, anaelekea kwenye makutano ya Barabara ya Moi South Lake. Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi, na ina lami. Ziwa liko kulia, ingawa kwa kilomita nyingi huonekana kwa vipande tu, kati ya migunga yenye magome ya manjano na kuta za mashamba ya maua. Longonot iko kushoto na baadaye nyuma. Msafiri hupita Karagita, mtaa wenye watu wengi, kisha kufika Kamere, takriban kilomita 17 kutoka makutano, mahali pa kugeukia lango la Elsa la Hifadhi ya Hell's Gate.

Mgeni wa kutoka Nairobi akumbuke jambo moja hapa. Barabara hii ni njia ya kazi ya maelfu ya watu. Waridi zinazouzwa Uholanzi na Uingereza huchumwa na watu wanaoishi Karagita, Kamere na Kasarani, na wengi wao huenda zamu kwa miguu au kwa baiskeli. Zamu inapoingia au kutoka, pembezoni mwa barabara hujaa watu, na mabasi ya mashamba husimama mara kwa mara. Kundi la watu kumi wenye baiskeli za mbio, wakienda wawili wawili na kupiga kelele za "pisha", ni kero na ni hatari. Waende mmoja nyuma ya mwingine, wapige kengele mapema na wapunguze mwendo mitaani. Mama aliyebeba mtoto nyuma ya baiskeli ana haki ya ukingo ule ule.

Salamu pia husaidia kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyesalimiwa kwenda ndiye atakayekuonyesha fundi wa pancha kurudi.

Baada ya Kamere watu hupungua. Barabara hupita Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa kisa cha simba Elsa, na kuendelea kuelekea Kongoni upande wa magharibi. Hapo ndipo uzuri wa bakuli huonekana kamili: Mau mbele, Eburru kulia kwake, pundamilia na twiga kwenye malisho ya kando ya njia. Karibu na hapo kuna Ziwa Crater, dogo na la kijani, lililojificha ndani ya shimo la volkano. Kwa wengi huu ni mwisho mzuri wa safari. Wanapumzika, wanakula, na kurudi kwa njia waliyojia.

Anayetaka kukamilisha mzunguko huendelea kwa Barabara ya Moi North Lake, na mzunguko wote huwa karibu kilomita 70. Upande wa kaskazini ni wa aina nyingine. Una sehemu za changarawe, na udongo wake ni majivu ya volkano: wakati wa kiangazi ni vumbi jepesi linalozamisha tairi, na wakati wa mvua ni tope linaloganda kwenye mnyororo. Tairi nyembamba za lami hazifai huko. Tairi ya milimita 38 au zaidi, isiyojazwa upepo kupita kiasi, hupita vizuri. Maduka ni machache. Hali ya barabara ni vyema kuwauliza wenyeji wa Kongoni siku hiyohiyo, maana ziwa hubadilika pia. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuingia mtaa wa Kihoto mjini Naivasha na kufunika ardhi ambayo watu walikuwa wameizoea kuwa kavu.

Hesabu ya muda ni rahisi. Kwa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mtu mwenye mazoezi kiasi, kilomita 70 ni saa nne na dakika 40. Ongeza saa moja na nusu ya mapumziko, picha na pancha. Anayeanza saa moja asubuhi humaliza kama saa saba mchana, kabla upepo haujapata nguvu. Anayeanza saa nne hukutana na upepo akiwa amechoka, na jua likiwa kichwani.

Na asichelewe. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na viboko hutoka majini kula nyasi giza linapoanza. Kiboko akiwa nchi kavu humwona mtu aliye kati yake na maji kuwa adui. Kila kiangazi na kila masika kuna habari za wavuvi na wakazi waliojeruhiwa. Usiende ufukoni kupiga picha jioni, na usipumzike kwenye njia zilizokanyagwa kati ya matete.

Hell's Gate

Kwa familia, au kwa wale ambao kilomita 70 ni nyingi, hifadhi ya Hell's Gate ndiyo chaguo bora, na kwa maoni ya wengi ndiyo tamu kuliko mzunguko wenyewe. Ilianzishwa mwaka 1984 na ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa na huko Kamere. Anayekodi ajaribu breki na gia kabla ya kulipa, si baada. Ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, na viwango vyake hubadilika, kwa hiyo ni vyema kuangalia kabla ya kusafiri.

Ndani ya lango kuna mnara wa mwamba wa Fischer, wenye urefu wa takriban mita 25, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapa mwaka 1883. Njia hupita kati ya majabali mekundu hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, takriban kilomita 8. Kuna mteremko mdogo ambao hauhisiki wakati wa kwenda. Unahisika sana wakati wa kurudi, hasa kwa watoto, na wazazi waweke akiba ya maji na ya subira.

Korongoni baiskeli huachwa na watu hutembea na kiongozi. Mvua iliyonyesha mbali, hata pale ambapo jua linawaka, inaweza kushusha maji ya ghafla ndani ya korongo. Watu walikufa kwa namna hiyo mwaka 2012 na tena Septemba 2019. Askari wa hifadhi akisema korongo limefungwa, limefungwa. Hakuna haja ya kumbembeleza.

Mvuke unaoonekana ukipanda nyuma ya majabali ni wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu mwaka 1981. Moto uliojenga Longonot na Eburru bado uko chini, na sehemu ya taa za Parklands huwaka kwa nguvu yake.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Helmeti iwe na mkanda unaobana kidevu. Helmeti inayocheza kichwani ni kofia tu. Taa ya mbele na ya nyuma zichukuliwe hata kama mpango ni kurudi mchana, kwa kuwa mipango huharibika. Nguo ya rangi inayong'aa huonekana na dereva aliyechoka. Kila mtu abebe tyubu moja ya akiba, pampu, vibao vya kutolea tairi na lita moja na nusu ya maji angalau. Kwa jua la bondeni, nusu lita kwa saa ndiyo kiasi cha chini. Kundi liwe na mtu wa mwisho anayejulikana, ambaye hampiti mtu yeyote, na namba yake iwe katika simu ya kila mmoja. Kwa dharura, namba za bure ni 999 na 112.

Breki zikaguliwe siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Inua gurudumu, lizungushe, bana: lisimame mara moja. Ukibana hadi mkono wa breki uguse usukani, waya umelegea na fundi anahitajika.

Yapo pia ya kufanywa hapa jijini. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini inatambua kutembea na kuendesha baiskeli kuwa usafiri kamili unaostahili njia zake na sehemu yake ya bajeti. Yule mwenye kreti ya mkate kwenye Barabara ya Limuru anaihitaji njia hiyo kila siku ya wiki, na mwenye baiskeli ya mbio anaihitaji Jumamosi. Mkazi anayeona njia ya baiskeli iliyozibwa na magari au mtaro uliokosa kifuniko anaweza kuripoti katika ofisi ya wadi yake. Kwa wakazi wa hapa, wadi ni Parklands/Highridge, kaunti ndogo ya Westlands. Barabara kuu kama Waiyaki Way ziko chini ya mamlaka ya kitaifa, KeNHA, na malalamiko yake hupelekwa huko. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti hutangazwa kila mwaka, na viko wazi kwa wenye baiskeli kama kwa wengine.

Kurudi kutoka Naivasha, matatu huanza kujaa alasiri ya Jumapili, watu wa wikendi wanaporejea Nairobi, na nafasi ya baiskeli huwa ngumu kupatikana. Anayefika stendi kabla ya saa tisa hupata nafuu. Gari likipita barabara ya zamani, kaa upande wa kulia: Longonot itakuwa nje ya dirisha lako kwa kilomita nyingi, na unapopandishwa ule ukuta hadi Rironi utapata muda wa kuuangalia vizuri.